Kadi ya Nne ya Yeorin

Kabla sijafika ghorofa ya tatu nilisikia selotepu ikibanduliwa ukutani. Haikubanduliwa polepole, kama afanyavyo mtu anayeihurumia rangi. Ilibanduliwa kwa hasira: kraaa, kisha kimya, kisha kraaa tena.

Nilikuwa nimekumbatia boksi la vipeperushi mia tatu, bado vina joto la mashine kwa jinsi nilivyovishika kifuani tangu asubuhi. Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Desemba, saa nane na dakika arobaini. Saa tisa kamili tungekaa kikao cha malengo ya mwaka mpya. Kwa kawaida Jumamosi hakuna mtu kwenye chumba cha Chipukizi, yaani watoto wetu wa darasa la tano na la sita. Mlangoni nikakuta jozi moja ya viatu vidogo vya michezo, kimoja kimelala ubavu.

Do Yeorin alikuwa amesimama juu ya kiti, mbele ya Mti wa Mavuno. Majuma matano hakuwa amekanyaga kanisani.

"Yeorin."

Hakugeuka. "Mwalimu, usinisogelee. Namalizia."

"Unamalizia nini? Mzee Ok anakuja kuukagua huo mti sasa hivi."

"Aje akague. Nachukua zangu tu. Nne."

Mti huo niliutengeneza mimi mwenyewe, kwa karatasi ya kahawia, kutoka sakafuni mpaka darini. Kila mtoto huandika kadi ya rafiki yake asiyesali: jina, darasa, na sababu ya kumwombea. Rafiki huyo unambeba moyoni kama mama abebavyo mimba, na Jumapili akiingia mlangoni, amezaliwa. Ndivyo tunavyofanya hapa Jecheon, na ndivyo walivyofanya walionilea. Mimi niliongeza lengo tu: kila mtoto kadi nne, mti mzima kadi hamsini na sita. Ukijaa, baraza la wazee wa kanisa litatuacha. Usipojaa, Chipukizi wataunganishwa na watoto wadogo wa chini, na chumba chetu kitawekwa majoho ya kwaya. Uamuzi ulikuwa kesho, baada ya ibada.

Kraaa. Kadi ya nne ilikuwa ya manjano, juu kabisa, mahali nilipoibandika kwa ngazi yangu ya kazi. Yeorin alishuka kwenye kiti, akainyoosha kwa vidole viwili, akanipa.

"Soma," alisema. "Hujawahi kuisoma, wewe."

Nilisoma. *Myeong Gaon, darasa la 6-2. Baba yake akilewa anavunja vyombo. Anamficha mdogo wake kwenye kabati la matandiko, wanalala humo humo. Mungu amsaidie baba asilewe.*

Niliigeuza, kisha nikaisoma tena.

"Alikuja Jumapili ile ya Marafiki," Yeorin alisema. "Nilimwalika mimi. Alikuwa amesimama hapo ulipo, ana bakuli la keki za mchele za tteokbokki. Akasoma. Akaweka bakuli chini bila kula, akavaa viatu. Sasa shuleni ananipita kama nguzo ya umeme."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Wiki moja kabla. Nilikutumia ujumbe, nikasema Mwalimu, naomba niitoe kadi moja. Ukanijibu, vumilia, mti unakaribia kujaa. Na kikatuni cha sungura anacheza."

Nilimkumbuka yule sungura. Nilikuwa nimelala chali chini ya boila ya mteja, mkono mmoja una spana, mwingine una simu. Mimi ni fundi wa boila za kupasha joto sakafu za nyumba, na mwezi wa kumi na moja simu zote huja pamoja, kwa kuwa sakafu za mji mzima hupoa siku moja. Ujumbe wa mtoto niliuona kama usumbufu mdogo, nikamtupia sungura.

Halafu nikatazama nilichokikumbatia. Boksi.

Nililiweka chini nikalipasua kwa ufunguo. Kipeperushi cha juu kilikuwa na picha ya Mti wa Mavuno, niliyoipiga Oktoba, kwenye mwanga mzuri wa dirisha. Chini yake mistari yangu miwili, niliyoihesabu silabi kwa vidole siku tatu usiku:

*Kila tawi tunda nne, kila tunda jina lake,*
*Tumepanda kwa machozi, tuvune kwa wakati wake.*

Asubuhi ile mpiga chapa alikuwa ameisoma kwa sauti, akasema, kijana, wewe umefichwa kwenye maboila bure. Nami nilitoka pale nimevimba kama andazi.

Katikati ya picha, juu kabisa, ilikuwa kadi ya manjano. Niliinamisha uso. Jina lilisomeka. Kabati lilisomeka.

"Hivyo ni vya nini?" Yeorin aliuliza.

"Vya kesho. Vinawekwa ndani ya kila karatasi ya ibada."

Alitazama kipeperushi, akanitazama mimi. "Shangazi yake Gaon anaimba kwaya hapa," alisema. "Dada wa baba yake. Akisoma, atamuuliza baba. Baba atataka kujua nani amesema nje."

Ngazi zililia. Hatua nzito, sawasawa, moja baada ya moja. Mzee Ok alikuwa anapanda.

*

Mzee Ok Changgyu, mkuu wa idara yetu, alifanya kazi reli miaka thelathini na mmoja, na mpaka leo huangalia saa kabla ya kuingia mlango wowote. Nyuma yake alikuja Mwinjilisti Seon, mwanamke wa miaka ishirini na saba anayesoma chuo cha theolojia na kuwaongoza watoto wetu, ana vikombe vitatu vya kahawa kwenye kifuniko cha boksi.

"Eh, Yeorin," Mwinjilisti alisema. "Umerudi?"

"Sijarudi, Mwinjilisti. Nitakuwa nje kwenye ngazi." Akatoka, na kadi zake mkononi.

Tuliketi sakafuni. Mzee Ok aliomba kwa ufupi, akafungua daftari lake dogo, akaweka miwani juu yake. "Haya. Baraza lina wazee tisa. Wanne wanatutaka, wanne wanataka chumba, mmoja anasinzia. Yule anayesinzia tutamwamsha na kipeperushi. Mwalimu Tak, gawa."

"Sigawi, Mzee."

"Hugawi?"

"Havitagawiwa. Hata kesho."

Mwinjilisti alishusha kikombe. Mzee Ok aliniangalia kama treni iliyosimama katikati ya reli bila taa. "Mwaka jana, sakafu hii hii, ulipiga meza ile ukasema watoto arobaini. Nikakuambia tupunguze. Ukaniita mwenye imani ndogo kama kopo la chai. Hukuniita?"

"Nilikuita."

"Tuna wangapi leo?"

"Kumi na nne."

"Kumi na nne. Sasa mti umejaa, karatasi nzuri umeandika mwenyewe, siku moja kabla ya vita unakunja bendera. Moto wako uko wapi, mwana wa Tak? Umezimika kama boila zako?"

Alinichoma pale pale alipojua pananiuma, kwa kuwa yeye ndiye aliyenitetea walipotaka kunikataa ualimu, kijana wa spana asiye na cheti. Kwa kawaida ningemrudishia moto kwa moto. Nilimsogezea kipeperushi, nikaweka kidole chini ya kadi.

"Naomba usome hii, Mzee."

Alivaa miwani. Akakisogeza karibu, akakipeleka mbali. "Naona manjano."

"Una miaka sabini na moja. Watoto hawatahitaji miwani." Nikapiga picha kwa simu, nikaikuza, nikampa.

Alisoma. Mwinjilisti alisomea begani kwake. Sakafu ya joto ilikuwa inanguruma chini yetu, boila niliyoitengeneza mwenyewe.

"Kabati la matandiko," Mzee Ok alisema mwishowe. "Na mdogo wake."

"Mtoto mwenyewe aliiona hapo ukutani," nilisema. "Ndiyo maana Yeorin ameacha kuja. Aliniomba niitoe, nikakataa kwa sababu nilitaka hamsini na sita. Shangazi yake mtoto yuko kwaya. Kesho hii ikifika mikononi mwake, kwa baba itafika jioni."

"Chukua kalamu nyeusi," alisema haraka. "Ipake juu. Mia tatu, sisi watatu, nusu saa."

Mwinjilisti alishaifungua kalamu. Akapaka kimoja, akakipungia kikauke, akakiinamisha dirishani. Wino wa mashine uling'aa chini ya wino wa kalamu, herufi kwa herufi, wazi kuliko mwanzo.

"Inasomeka," alisema. "Na sasa kila mtu atataka kujua kilichofichwa."

"Basi kata picha."

"Tukikata picha yanabaki mashairi yangu," nilisema, "na mashairi yangu hayana thamani ya kumwamsha mzee anayesinzia. Tuvichane, Mzee. Vyote."

"Tukichana hatuna lengo la kuonyesha. Bila lengo hatuna idara. Watoto kumi na nne wanateremshwa kukaa na wenye miaka saba, wapake rangi picha za kondoo. Unadhani watakaa? Wataondoka wote. Huyo mmoja unamwokoa, na kumi na nne je?"

Lilikuwa swali la haki. Niliona jinsi kila mmoja wao angeondoka: yupi kwa hasira, yupi bila kuaga.

Mwinjilisti Seon ndiye aliyezungumza, na hakumwambia yeyote hasa. "Kadi imekaa ukutani tangu lini?"

"Jumapili ya kwanza ya Oktoba," nilisema.

"Wiki kumi. Nami nimehubiri chini yake wiki kumi."

Mzee Ok alirudisha daftari lake kwenye goti. Alifungua ukurasa mmoja, akafungua mwingine. Nilijua kilichomo: kila Jumapili alisimama mbele ya mti, mikono nyuma, akahesabu. Arobaini na tisa. Hamsini na mbili. Hamsini na sita, na duara jekundu.

"Nilizihesabu zote," alisema. "Mara mbili mbili, nisikosee." Alivua miwani. "Sikusoma hata moja."

Hakuna aliyemfariji. Alikunja daftari, akaangalia saa yake, akasimama kwa kushika ukuta.

"Mwinjilisti. Mama wa mtoto yuko wapi?"

"Yeorin atajua." Alikuwa tayari anavaa koti.

"Nenda. Usibebe Biblia wala karatasi yoyote. Na usiulize kama atakuja kanisani. Uliza watoto wanalala wapi leo, na kama kuna wa kupigiwa simu, kapige." Akanigeukia. "Wewe, beba boksi. Mashine ya kuchania iko ofisini. Na kesho utasimama mbele ya baraza bila karatasi. Utawaambia umefanya nini, kisha utawaambia lengo letu ni nini. Mimi nitakaa pembeni yako. Sitakusemea."

"Lengo gani, Mzee?"

"Una usiku mzima. Si wewe unayehesabu silabi?"

*

Mashine ilikuwa ndogo, inatafuna karatasi tatu tatu na kupumzika kila ikishiba. Mzee Ok alizilisha, nami na Yeorin tukamwaga vipande kwenye gunia. Mzee hawezi kufanya jambo bila kuhesabu. Alihesabu kwa midomo, na mwisho akasema, "Mia tatu kamili. Hakuna kilichobaki duniani."

Hapo nikaisikia tena sauti ya mpiga chapa asubuhi. Kijana, umefichwa kwenye maboila bure. Na maneno yaliyofuata, ambayo niliyapokea kama kishada cha maua: nimechapa moja ya ziada, nitaibandika kwenye kioo watu wasome.

Niliwaambia.

Yeorin alishika mlango. "Duka gani?"

"La chini, kwenye jengo la masomo ya ziada. Karibu na kituo cha moto."

"Gaon anasoma Kiingereza ghorofa ya nne," alisema. "Wanashuka saa kumi na moja."

Ukutani ilikuwa saa kumi na dakika thelathini na nane.

Tulikimbia. Theluji ya juzi ilikuwa imegeuka barafu kando ya barabara, na Yeorin aliteleza mara mbili, mara ya pili akaniangusha na mimi. Hakuna aliyecheka. Tulipofika, mlango wa mpiga chapa ulikuwa umefungwa. Kibao kidogo: *Nimepeleka mzigo, narudi saa kumi na moja na nusu.* Nikapiga namba iliyoandikwa. Simu ikalia ndani ya duka, juu ya meza, naiona.

Na kipeperushi kilikuwa upande wa ndani wa kioo, usawa wa macho ya mtoto, kikitazama ngazi.

"Tuvunje," Yeorin alisema.

"Tukivunja watakusanyika wote waje waone."

Juu yetu kengele ililia, viti vikaburuzwa, na ngazi zikaanza kumwaga watoto. Nilifungua koti langu, nikaegemeza mgongo kwenye kioo, nikatandaza pande zake mbili kama kunguru anayekausha mbawa. Yeorin alisimama ubavuni, akaziba pembe.

Wavulana watatu walisimama mbele yangu, kila mmoja na mfuko mzito kuliko yeye.

"Mjomba, unauza nini?"

"Anauza kioo."

"Hauzi, amenata. Mjomba, usilambe kioo baridi hii, tutakuja kukubandua."

"Nendeni nyumbani," nilisema. "Mama zenu wanawatafuta."

"Mama zetu wanatutafutia masomo mengine." Wakaondoka wakigongana mabega.

Kisha alishuka Gaon. Niliwahi kumwona mara moja tu, lakini nilimjua: msichana mrefu, nywele fupi, amemshika mkono mtoto mdogo wa kiume mwenye kofia ya dubu. Alimwona Yeorin, akageuza uso kama anayepita nguzo. Kisha akaniona mimi, na miguu ikasimama yenyewe.

"Si yule mwalimu wako wa maboila?" alimuuliza Yeorin. Yalikuwa maneno ya kwanza baada ya majuma matano.

"Ndiye."

"Mbona amesimama kama mwizi?"

Ningeweza kusema nangojea duka. Lilikuwa jibu jepesi, lipo mdomoni. Nilingoja mpaka kundi la mwisho limevuka barabara.

"Gaon, nyuma yangu kuna karatasi," nilisema. "Ina picha ya kadi ile. Niliichapisha mimi. Zilikuwa mia tatu, tumezichana, hii ndiyo iliyobaki na mwenye duka hayupo. Kadi niliibandika mimi. Yeorin aliniomba niitoe, nikakataa. Kosa ni langu lote."

Uso wake haukubadilika. Aliushika mkono wa mdogo wake kwa nguvu zaidi, mpaka mtoto akasema, "Dada, unaniumiza."

"Watu wangapi wameona?"

"Sijui. Imekuwa hapa tangu asubuhi."

"Sogea."

Nikasogea kidogo. Alisoma yote, mpaka mistari yangu. Nilitamani kioo kinimeze. Kisha akageuka, akaegemea pale pale kadi ilipo, akamvuta mdogo wake mbele ya miguu yake.

"Unaacha wazi upande wa kushoto," aliniambia. "Watu wanapita."

Nikaziba. Tukasimama hivyo, watu wanne tumepangana kwenye kioo cha watu, pumzi zetu moshi, tukimngoja mpiga chapa.

"Mwinjilisti ameenda kwa mama yako sokoni," Yeorin alisema baada ya muda, akiangalia barabara. "Kwenye duka la maandazi ya mandu."

"Nani kamtuma?"

"Mimi nilimwelekeza."

Gaon alimgeukia. Sikujua kama angemsukuma au angelia. "Baba yuko Geoje, kwenye meli," alisema. "Anarudi tarehe thelathini. Kule hanywi. Hapa anakunywa."

Gari la takataka lilipita likiimba wimbo wake. Mdogo wake akalipungia.

"Kesho utawaambia nini wale wazee?" Yeorin aliniuliza.

"Nilichofanya."

"Na lengo? Lazima useme namba. Wasiposikia namba hawaamini."

"Kumi na nne."

"Tuko kumi na nne tayari."

"Ndiyo. Mwaka mzima, kumi na nne hao hao, kila mmoja nimjue anakolala na anakula na nani. Wakitaka chumba, wachukue chumba. Tutakaa kwenye ngazi."

"Mimi si wa kumi na tano," Gaon alisema haraka.

"Si wa kumi na tano."

"Siji huko tena."

"Usije. Tarehe thelathini haihusiani na kuja."

Aliinua macho, kwa mara ya kwanza akaniangalia sawasawa, kama mtu anayepima kamba kabla ya kuikanyagia. "Yeorin alikuandikia ujumbe, ukamjibu kwa sungura. Alininyooshea simu shuleni, nikampita, lakini niliuona. Anacheza dansi, yule sungura."

"Ni kweli."

"Nikikuandikia mimi, tarehe thelathini, usiku?"

Nilitoa simu yangu, nikaiweka mkononi mwake aandike namba yake mwenyewe, nami mgongo wangu sikuutoa kwenye kioo.

"Ukiandika, Gaon, nitakuja," nilisema. "Nikiwa chini ya boila ya mtu nitaiacha wazi nije. Jina lako sitaliandika ukutani wala kwenye daftari, na hakuna atakayekuhesabu. Utamwona mtu mlangoni, si sungura. Nakuahidi, wewe na mdogo wako, mbele ya Yeorin."